Mine, mijn, mineur

Jambo baba unayesoma ukurasa huu ukingoja kuingia posti ya usiku, jambo mama unayesoma kando ya mbabula, na wewe kijana uliyechukua gazeti juu ya picha ya mbele tu.

Neno la mwezi huu sikulichagua mimi. Mama mmoja ndiye aliniletea, siku ya Mungu, wakati tulipokuwa tunatoka kusali. Alimshika mtoto wake mkono, kijana wa miaka 14, tena alimshika kwa nguvu, kama vile mtu anavyoshika kuku aliyetoka kumnunua sokoni.

«Baba,» akasema, «wewe njo unaandikaka juu ya maneno. Uliza huyu mutoto, ile kibao ya ku kariere inasemaka nini.»

Kijana akaangalia viatu vyake. Nikamwuliza. Akajibu bila kuinua macho:

«Baliandika INTERDIT AUX MINEURS. Shi mineur njo mutu wa mine? Mutu wa kaske na bote, wa kushuka chini na lampe. Mi siko mineur. Mi nasukulaka tu majiwe ku mayi.»

Watu waliokuwa karibu walicheka. Na mimi nilicheka, siwafichi. Mama peke yake hakucheka. Juma tatu nzima alifikiri mtoto anakwenda masomoni, kumbe anakwenda mtoni kuosha mawe ya wachimbaji, jioni anarudi na franga kidogo mfukoni. Mama alipomgombeza kwamba kibao kinamkataza, ndipo mtoto akamtolea hiyo Kifaransa yake. Mama hakusoma sana, akakosa jibu. Nikamwahidi kwamba jibu litatoka humu gazetini.

Sasa, ndugu msomaji, kumjibu huyu kijana si kazi ya mstari mmoja. Nyuma ya mineur kuna neno fupi la herufi nne, mine, na hilo neno limetembea sana. Twende nalo polepole.

Hapa Kolwezi hakuna mtu anayehitaji diploma ya Kifaransa ili alitumie. «Papa eko ku mine,» anasema mtoto wa miaka mitatu. Neno limo ndani ya jina la Union Minière du Haut-Katanga, kompani iliyozaliwa mwaka 1906. Limo tena ndani ya Gécamines, ambayo ni kufupisha Générale des Carrières et des Mines. Kiswahili cha vitabu kinasema mgodi. Ndugu zetu wa Kitwe na Chingola, upande wa Zambia, wanasema mukoti. Sisi, kutoka Musonoi mpaka Kapata, tunasema mine na basi.

Lakini chukua neno hilohilo uingie nalo nyumbani. Mtoto anayefanya kazi ya masomo analia: «Mine imevunjika!» Mzee aliyefanya kazi chini ya udongo moyo wake unaruka, maana anakumbuka mwezi wa tisa mwaka 1990, wakati mine ya Kamoto ilipobomoka. Kumbe mtoto analilia kreyoni yake. Ule moyo mweusi wa kreyoni, unaoandika, Wafaransa wanauita pia mine.

Nenda nalo hospitali. Mzee mmoja ninayemjua, mtu wa pensheni, alikwenda kupimwa damu. Mwuguzi akamwangalia, akasema kwa huruma: «Muzee, leo uko na mauvaise mine.» Mzee akakasirika. «Mine yetu ilikuwaka ya muzuri sana! Tulitoshaka shaba pale miaka makumi mbili na tano!» Mwuguzi hakuwa anasema habari ya kazi yake. Alikuwa anasema habari ya uso wake. Mine ni uso pia, sura ya mtu siku ile, kama amelala vizuri ao hakulala.

Nenda nalo kwenye kilio. Karatasi ya matangazo inasema marehemu alikuwa «miné par la maladie». Jamaa wanaanza kuulizana kama ni mavumbi ya mine ndiyo yalimwua. Pengine ni hayo, lakini karatasi haikusema hivyo. Inasema ugonjwa ulimla kutoka ndani, kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula mti wa nyumba. Hii maana ya kula kutoka chini mwishike, maana tutairudilia.

Na uende nalo mahali palipopita vita. Huko kibao cha DANGER MINES, chenye kichwa cha mfu, hakikuonyeshi penye shaba. Kinakuambia usiweke mguu. Mine ni bomu lililofichwa udongoni. Mchimbaji wetu akisoma kibao hicho akafurahi, mguu wake ndio utalipa.

Shimo, moyo wa kreyoni, uso, ugonjwa unaokula ndani, bomu. Hayo yote katika lugha moja tu. Yanatoka wapi?

Anza na shimo. Warumi, watu wa Kilatini, hawakusema mine. Wao walisema metallum, neno walilolipata kwa Wagiriki, na kwao lilikuwa na maana ya shimo la kuchimba na ya kile kinachotoka ndani yake. Kutoka pale tulipata métal ya Kifaransa na metali ya Kiswahili. Neno mine lenyewe halikutoka kwa wakubwa wa Roma. Wenye kuchunguza lugha wengi wanasema lilitoka kwa watu waliotawaliwa na Roma: Wagalia wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, na jamaa zao. Mpaka leo watu wa Wales wanaita mawe yenye metali mwyn, na wa Irlandi wanayaita mianach. Warumi walikwenda zao, lakini neno la wachimbaji likabaki. Mimi hilo linanipendeza. Bwana analeta lugha yake, lakini jina la kazi anabaki nalo yule mwenye mikono michafu.

Kutoka kwa Wafaransa neno likavuka kwa Waingereza. Wahispania na Wareno wanasema mina. Mwaka 1482 Wareno walijenga ngome kando ya bahari ya nchi ambayo leo ni Ghana, wakaiita São Jorge da Mina, juu ya dhahabu waliyoifuata kule. Ule mji unaitwa Elmina hata leo. Huko Brazil kuna jimbo zima linaloitwa Minas Gerais. Wadachi wa Ujerumani, ambao ni wachimbaji wa zamani sana, wana neno lao wenyewe, Bergwerk, ndiyo kusema kazi ya mlima. Lakini moyo wa biki wanauita Mine kama Wafaransa.

Na kreyoni je? Zamani Wafaransa walisema mine hata kwa mawe yenyewe yanayotoka shimoni. Walipoona lile jiwe jeusi laini linaloandika, grafiti, walifikiri ni jamaa ya risasi, wakaliita mine de plomb, ndiyo kusema jiwe la risasi. Walidanganyika. Ndani ya kreyoni hakuna risasi hata chembe. Tangu mwaka 1795, wakati Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipotoa mpango wake, ni grafiti iliyochanganywa na udongo na kuchomwa motoni. Lakini jina likakaa. Usiwacheke Wafaransa, maana na Kiswahili kinaiita kalamu ya risasi. Na sisi tuliandikishwa katika kosa hilohilo.

Ule mine wa uso ni mgeni kabisa, hauna undugu na shimo. Inaonekana ulitoka kwa Wabretoni, watu wa pembe ya mangaribi ya Ufaransa, ambao wanasema min kwa mdomo wa ndege ao pua ya mnyama. Wadachi wanaopenda mpango waliona hatari, wakaandika Miene kwa uso na Mine kwa mengine. Wapoloni na Warusi hawakujisumbua. Kwao mina ni uso, na mina ni bomu. Mungu awasaidie.

Kuna na mwingine, ambaye wasomaji wetu wa Biblia ya Kifaransa wanamjua. Fungua Luka, sura ya 19. Bwana anawaita watumishi kumi, anawapa mines kumi. Nilipokuwa kijana nilisikia mhubiri mmoja akieleza kwamba kila mtumishi alipewa mine yake aitumikie. Akaanza hata kutaja: Ruwe kwa huyu, Musonoi kwa yule, Mashamba kwa wa tatu. Watu waliitika amina. Hapana. Ile mine ni kipimo cha feza cha zamani, ambacho Wagiriki walikipata kwa watu wa Babiloni. Kwa Wagiriki ilikuwa drakma 100. Biblia ya Kiswahili haikujisumbua na jina, ilisema tu mafungu ya fedha.

Tufike sasa kwenye vita, maana hapa ndipo neno linatugusa nyumbani.

Zamani, kabla ya baruti kujulikana Ulaya, askari walipotaka kuvunja ngome yenye kuta nene hawakupiga ukuta kwa kichwa. Waliwaita wachimbaji. Wachimbaji walichimba njia chini ya msingi, wakashikilia ukuta kwa miti, kama vile tunavyoweka miti chini ya mine. Halafu walijaza kuni, wakawasha moto, wakakimbia. Miti ikiungua, ukuta unaanguka wenyewe. Mwaka 1215 mfalme John wa Uingereza alifanya hivyo kwenye ngome ya Rochester. Ili moto uwake vizuri aliagiza nguruwe wanono 40, wakatumia mafuta yao. Pembe nzima ya mnara ilianguka. Hilo shimo la vita waliliita mine, na kuchimba chini ya kitu mpaka kianguke waliita miner. Baruti ilipofika waliiweka baruti mahali pa kuni, lakini jina halikubadilika.

Vita kubwa ya kwanza ilipopiganwa Ubelgiji, Waingereza walichukua watu wa migodi yao, wakawachimbisha chini ya kilima cha Messines, ambacho Waflama wanakiita Mesen. Tarehe 7 mwezi wa sita 1917, alfajiri, mine 19 zililipuka karibu pamoja. Moja nyingine iliyosahauliwa chini ilingoja mpaka mwaka 1955, radi ikaipiga, ikalipuka katikati ya mashamba ya watu. Halafu mine ikawa ndogo, ya kuzikwa na mtu mmoja, ya kumngoja yeyote anayepita. Nchi yetu iliingia mwaka 2002 katika mapatano ya mataifa ya kukataza hizo za kukanyagwa na watu.

Juu ya nini ninakusimulia Rochester, wewe uliye Kolwezi? Juu ya jirani yangu wa zamani.

Alikuwa mtu wa pensheni, mpole, mwenye parseli yake na karatasi zake zote. Vijana wake walichimba choo, wakatoa jiwe jeusi zito. Kumbuka mwaka 2014, namna mtaa wa Kasulo ulivyogeuka: watu walichimba kobalti ndani ya parseli, hata ndani ya nyumba chini ya turubai, mpaka mwaka 2017 jamaa nyingi zikahamishwa na sehemu ikafungwa. Kwa jirani yangu ilianza namna ileile, lakini kwa udogo. Shimo likashuka chini ya jikoni, halafu likafuata jiwe, na jiwe halijui mpaka wa parseli. Likapita chini ya nyumba ya mjane wa upande wa pili. Nilipomwambia mzee, akanionyesha karatasi zake: «Parseli ni yangu. Basi mine ni yangu.»

Mvua ya mwezi wa kwanza ilipoanza, ukuta wa mjane ulipasuka kutoka msingi mpaka karibu na mabati. Usiku mmoja upande wa chumba cha watoto ukaketi chini. Neema tu, watoto walikuwa wamelala kwa nyanya yao. Mzee hakuwa mtu mbaya. Lakini alimfanyia jirani yake kile mfalme John alichofanya Rochester, ila bila nguruwe.

Sasa angalia tena maneno yake: mine ni yangu. Kuna kijana wa masomo ya jioni ya Kiingereza (wako wengi siku hizi, juu ya kazi za makompani) aliyenijia mbio na macho yakiwaka. «Baba, nimepata siri! Ku Kingereza, mine iko mgodi, tena mine iko ‘yangu’! Wazungu balipoona shimo balisema: yangu! Njo ikabakia jina.»

Ni masimulizi matamu, na ukifikiri habari za nchi hii utataka sana yawe kweli. Lakini si kweli. Mine ya Waingereza yenye maana ya «yangu» ni neno lao la kuzaliwa nalo, ndugu wa mein ya Wadachi. Mine ya mgodi waliipata kwa Wafaransa. Ni wageni wawili waliokutana njiani wamevaa kofia sawa.

Jambo la ajabu ni kwamba lilitokea mara mbili. Wabelgiji waliokuja hapa si wote walisema Kifaransa. Wengi kati yao walikuwa Waflama, na lugha yao ni ileile ya Uholanzi. Kwa Kiflama mgodi ni mijn, na «yangu» ni mijn pia, herufi moja kwa moja. Tena huko kuna soko la mnada ambamo bei haipandi, inashuka. Muuzaji anaanza juu, anateremka, wanunuzi wananyamaza, mpaka mmoja anapaza sauti: «Mijn!» Yangu! Wa kwanza kusema ndiye amenunua. Wametoa hapo neno mijnen, kununua kwa kusema yangu.

Lakini chini ya udongo wa Lualaba, kusema «yangu» wa kwanza hakukupatii kitu. Mwezi wa sita mwaka 1966 sheria iliyoitwa ya Bakajika ilirudisha udongo na vilivyo chini yake kwa Serikali. Sheria ya madini ya tarehe 11 mwezi wa saba 2002, iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, inasema vilevile: madini ni mali ya Serikali, na haki ya madini ni mbali na haki ya udongo. Karatasi ya parseli inakupa ruhusa ya kujenga, kupanda na kulala. Haikupi shaba iliyo chini ya kitanda chako. Mtu akikuletea karatasi ya kununua «mine ya parseli yako», uulize kwanza anauza ao ananunua kitu gani, maana ninyi wawili hamna kitu hicho.

Tena sheria hiyo ina mine yake peke yake. Wengi wetu tunafikiri kariere ni shimo la juu, la kuchimba kwa mikono, na mine ni la chini, la kompani. Sheria haiangalii urefu wa shimo. Inaangalia kinachotoka. Mchanga, udongo wa matofali na mawe ya kujenga ni mambo ya carrière. Shaba na kobalti ni mambo ya mine, hata ukizipata kwa jembe la nyanya yako nyuma ya jikoni. Na mchimbaji wa mikono anapaswa kuwa mtu mzima Mkongomani, awe na karate yake na koperative yake, tena achimbe mahali palipotengwa.

Mtu mzima. Hapo tunamrudilia kijana wetu na kibao chake.

Mineur, mtu wa mine, alitoka kwa lile neno la Wagalia. Mineur wa pili, mtoto ambaye hajatimiza umri, alitoka kwa Kilatini minor, maana yake mdogo zaidi. Jamaa za huyu wa pili ni wengi: minimum, minute, hata ministre, maana kwa Kilatini minister alikuwa mtumishi, mtu wa chini. Kwa hiyo ukisema «Ministre des Mines», umetaja maneno mawili yanayofanana kama mapacha, na hayana hata shangazi mmoja wa pamoja.

Wahispania hawana taabu hiyo: mtu wa mine ni minero, mtoto ni menor. Wadachi wanasema Bergmann kwa mmoja na minderjährig kwa mwingine. Waflama wana mijnwerker na minderjarige. Waingereza wanasikika karibu sawa lakini wanaandika herufi mbalimbali. Kifaransa peke yake kilichukua hawa wawili kikawavika shati moja, na Kifaransa ndicho tunaandika kwenye vibao vyetu, mahali ambapo wengi wa wanaopita hawakimaliziki kukisoma.

Wala huko Ulaya hawakukuwa mbali sana, hawa wawili. Kuna wakati walikuwa mtu mmoja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1842 ilikataza wanawake wote, na watoto wanaume wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya mine. Soma vizuri: wa miaka 10 aliruhusiwa. Ubelgiji ulingoja mpaka mwaka 1889 kukataza viwanda na migodi kutumikisha watoto wa chini ya miaka 12. Babu za wale wakubwa waliokuja hapa na kaske nyeupe, wengine walishuka shimoni wakiwa mineur mara mbili.

Kwetu sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Basi kibao cha ku kariere, mama yangu, hakimkatazi mtu wa kaske. Kinamkataza huyu wako. Wala hakisemi habari ya kuchimba peke yake. Kinasema asiingie, hata kwa kuosha mawe, hata kwa kubeba mfuko, hata kwa kuuza maji ya kunywa.

Nilimaliza kuandika hayo, nikaona ni vizuri nimsomee mwenyewe kabla ya kuyapeleka kwa wapiga chapa. Nilimkuta nyumbani kwao jioni, anasaidia mama yake kutwanga. Nikamsomea yote, na Rochester, na nguruwe, na Waflama. Nguruwe ilimpendeza. Nikamwonyesha na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa, nikitaka kuwaomba wenye kibao waiweke chini ya ile Kifaransa: MTOTO WA CHINI YA MIAKA 18 ASIINGIE. Nikamwuliza kama sasa ameelewa maana ya mineur.

Aliangalia kama mama yake ameingia ndani.

«Baba, mi nilijuaka. Mwalimu wa Kifransa alitufundishaka ile neno mwaka jana, mbele banifukuze juu ya franga ya masomo.»

Halafu akachukua mchi, akaendelea kutwanga.